Shemeji, Protoni na Ngazi ya Tatu

Jumatatu, 4 Mei

Nimedhulumiwa. Hata kalamu haishikiki.

Mkuu wa Idara katangaza kwenye kikao cha asubuhi kwamba idara inaanzisha kikundi kipya cha kuchunguza viini vya atomu, kwamba kikundi kitakuwa na kiongozi mmoja, na kwamba kiongozi atapewa ofisi ya kona. Ofisi ya kona! Madirisha mawili. Ubao unaofika darini. Nimeitamani ofisi hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikatengeneza uso wa mtu anayeshtushwa na heshima asiyoitarajia.

Kisha Mkuu akasema wanaofikiriwa ni wawili. Wawili! Mimi na Chandarua. Kila mmoja atatoa mhadhara Jumanne ya wiki ijayo, halafu jopo litaamua.

Uso niliouandaa ukanibaki usoni bila kazi.

Chandarua ni jina nililompa moyoni tu. Kwa mdomo namwita shemeji, kwa sababu ni kaka yake mke wangu. Anataka kujua protoni na neutroni zinavyoshikana ndani ya kiini. Na mimi hivyo hivyo. Lakini yeye anaanzia chini kabisa, kwenye kwaki, zile chembe zilizojazana ndani ya protoni. Anachukua nafasi na wakati, anavikata matundu matundu kama chandarua cha mbu, kisha anaiachia kompyuta kubwa ihesabu kila tundu. Kompyuta yenyewe imejaza chumba. Ina kipoza hewa chake peke yake. Mimi mwenye akili na mshahara wangu nina feni inayogeukia upande mmoja.

Mimi natumia kichwa. Nadharia yangu ni ya uga kwa nishati ndogo, na inasema hivi: ukitazama kwa mbali, huna haja ya kujua kila kinachotokea ndani. Anayepanga viti ukumbini hahitaji kujua figo za wageni zinafanyaje kazi. Anahesabu vichwa, basi. Mambo ya ndani unayafungia kwenye namba chache, namba hizo unazipata kwa vipimo vya maabara, na kazi inaendelea. Safi. Ya kistaarabu.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, Mama mkwe yuko kwetu kwa ajili ya goti lake. Mezani akauliza kati yetu nani atapata hicho cheo. Kabla sijameza akajijibu mwenyewe kwamba mwanawe tangu utotoni humaliza kila anachokianza. Kuhusu mimi hakusema neno. Nililisikia vizuri sana hilo neno ambalo hakulisema.

Jumanne, 5 Mei

Kuna tatizo dogo. Dogo tu.

Nadharia yangu inapandwa kama ngazi. Ngazi ya kwanza: protoni na neutroni zinarushiana pioni moja, chembe nyepesi, kama watoto wanaorushiana mpira, na hapo unapata sehemu kubwa ya jibu. Ngazi ya pili: zinarushiana pioni mbili kwa mpigo, na jibu linarekebishwa kidogo. Ngazi ya tatu: marekebisho madogo zaidi. Hiyo ndiyo ahadi. Kila ngazi iwe ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka jibu litulie. Bila hiyo, huna nadharia. Una kelele.

Yangu haitulii. Ngazi ya kwanza, nzuri. Ya pili, nyembamba, ina adabu. Ya tatu inaingia kama mlevi kwenye harusi ya watu, inapindua meza. Mstari unaotakiwa kupita kwenye vipimo vya maabara unavirukia juu kama panzi. Nimekagua alama zote za kutoa na kujumlisha. Nimelaumu programu. Nimelaumu kompyuta. Nimeilaumu feni. Miaka yote niliyoipa kazi hii, na kitu kiniaibishe wiki ya mhadhara! Hakina haya.

Nimeamua. Nitaonyesha ngazi mbili tu. Huo si uongo. Mtu akikuonyesha sebule yake hajasema nyumba haina choo.

Nilimdokezea mke wangu, nikijua ni daktari wa meno na hana ushabiki. Akasema kila siku anapokea watu wanaotabasamu kwa meno ya mbele ili lile gego lisionekane, na wote huishia kwenye kiti chake wamefumba macho. Nikamwambia fizikia si meno. Akasema maumivu ni yale yale.

Huo ndio msaada ninaoupata nyumbani kwangu.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeokoka! Siandiki, nacheza!

Nadharia yangu ina mpaka. Kila kinachotokea karibu mno kati ya chembe na chembe nakifungia nje ya mpaka huo, na mpaka nauweka mimi. Sasa, vitabu vinasema nadharia ikiwa nzima, kuusogeza mpaka kidogo hakubadilishi jibu. Vitabu vina mengi. Leo niliusogeza huku, nikausogeza kule, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mkwaruzo. Mkwaruzo. Mkwaruzo. Ghafla, muziki! Mstari ukalala juu ya vipimo kama paka juu ya mto. Nikausogeza mpaka huo unywele mmoja zaidi: mstari ukaruka. Nikaurudisha haraka. Nikaondoa mkono taratibu. Nikatoka ofisini kwa ncha za vidole.

Sitaugusa tena.

Furaha yenyewe haikufika saa ya chakula. Ratiba imebandikwa. Mimi asubuhi, saa tatu. Chandarua mchana, saa nane, na baada yake chai na vitafunio kwa wote. Yaani mimi nizungumze na watu wanaopiga miayo, halafu yeye azungumze na watu wanaosubiri keki na wana nyuso za upendo! Nani aliyepanga hivi? Nimemwuliza katibu wa idara. Akasema alipanga kwa kura. Nilitaka kujua kura hiyo ilipigwa mbele ya nani. Akaniuliza kama nina kazi ya kufanya.

Ijumaa, 8 Mei

Mpango wa leo ni kazi ya mikono yangu mwenyewe na siogopi kusema ni mzuri.

Nimeshuka kule chini kwa Mzee wa Mashine. Yeye ndiye anayeendesha ile mashine inayogonganisha chembe, na vipimo ambavyo mimi na Chandarua tunavipigania vyote vimetoka mikononi mwake. Akisimama ukumbini, watu hunyamaza. Udhaifu wake ni mmoja: hashiki sura wala majina. Mtu yeyote aliye chini ya umri wake anamwita kijana. Amefanya kazi na mimi karibu maisha yangu yote na leo amenikaribisha kwa kuniuliza kama nimekuja kurekebisha bomba.

Nikamweleza taratibu. Chandarua anaringa na kompyuta yake, lakini pioni anazohesabu ni nzito kuliko pioni za kweli, kwa sababu pioni nyepesi zingeichosha hiyo kompyuta miaka. Basi ana kitu amekiacha nje. Nikamwomba Mzee asimame amwulize: umeacha nini nje? Akianza kujikanyaga, aongeze: hebu kiingize tuone. Na mimi, kwa upande wangu, anisifu. Aseme amesikia kazi iliyokamilika. Aseme kwa sauti.

Mzee akauliza sasa kati yenu yupi ni yupi. Nikaona nitamchanganya bure. Nikamrahisishia: mimi ni wa asubuhi, yeye ni wa mchana. Asubuhi sifa, mchana swali.

Akafumba macho, akarudia kama mgonjwa anayekariri dozi: "Asubuhi sifa. Mchana swali."

Nikamwambia ndiyo hasa. Akafurahi. Alisema kila mwaka wanamwita kwenye mihadhara na hakuna anayemwomba aseme chochote.

Jumapili, 10 Mei

Shemeji kaja kula kwetu. Kaja na maua kwa mama yake, kakarabati miwani ya mama yake, kaosha vyombo. Vyote. Na masufuria. Mke wangu alinitazama kila sufuria lilipolia kwenye sinki. Huyu mtu hana hata aibu ya kujionyesha!

Baada ya kula akaniita kibarazani, akasema kwa upole wake ule unaokera, "Shemeji, nimefikiria sana ile ngazi yako ya tatu."

Nani kamwambia? Nikasema ngazi yangu ya tatu iko salama na inamsalimia.

Akasema hajaambiwa na mtu, ila watu wengi wanaotumia njia yangu hukutana na jambo hilo. Akasema anadhani tatizo ni Delta. Delta ni kama kaka mkubwa wa protoni: mzito kidogo kuliko yeye, anazaliwa protoni inapomeza pioni, kisha anapotea kabla hujamsalimia. Mimi nimemfungia nje ya nadharia tangu nikiwa mwanafunzi, kwa kuwa ni mzito na ana maisha mafupi. Shemeji anasema si mzito kiasi hicho. Ati yuko karibu mno na protoni, ukimfukuza anarudi kwa mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ni ngazi ya tatu. Na ati kompyuta yake imeshahesabu namba zinazoonyesha Delta anavyoshikana na pioni. Ananipa. Bure. Niziweke tu kwenye nadharia yangu.

Bure! Mshindani wako akupe namba bure siku mbili kabla ya mhadhara! Mimi si mtoto. Nikamshukuru kwa ubaridi, nikamwambia nadharia yangu haihitaji kubebwa mgongoni na kipoza hewa.

Mama mkwe alikuwa ameketi ndani karibu na dirisha, na masikio yake hayana tatizo la goti. Akauliza Delta ni nani. Shemeji akamweleza kwa subira: ni kaka yake protoni, mama, ila hakai. Mama akaniuliza mimi, huku miwani yake iliyokarabatiwa ikining'aria, ni kosa gani alilofanya huyo Delta hata nimfungie mlango. Nikasema si mtu. Akasema hajauliza kama ni mtu. Ameuliza kosa lake.

Nikaenda kulala mchana. Usingizi haukuja.

Jumatatu, 11 Mei

Habari ya korido: kesho asubuhi Mkuu wa Idara ana kikao na wakubwa wake na hatakuwepo mpaka karibu na chakula. Yaani mhadhara wangu hatausikia! Chandarua atazungumza mbele yake saa nane, na mimi nitazungumza mbele ya viti.

Sikulilalia jambo hili. Nilikwenda kwa katibu mara moja. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu wa familia, kwamba shemeji yangu angependa sana saa za asubuhi ili mama yake mzazi apate kuhudhuria, kwani mchana goti lake humsumbua, lakini yeye ni mtu wa haya na hawezi kuomba. Katibu akashika kifua. Akasema hakujua kwamba nina moyo kama huo. Akabadilisha ratiba palepale.

Mimi mchana! Mkuu yupo! Chai yangu! Keki yangu!

Saa tisa Chandarua akaja ofisini. Nilidhani kaja kugomba, nikasimama nyuma ya feni. Akanikumbatia. Alikuwa na machozi kabisa. Akasema hakuna aliyewahi kumfikiria mama yake hivyo, na kwamba mama ameshaambiwa, anashona kitufe cha gauni lake la bluu, atakuja asubuhi na atabaki mpaka mchana ili anisikilize na mimi pia.

Kwa nini abaki? Goti vipi?

Jumanne, 12 Mei

Naandika haya nikiwa nimefunga mlango wa chumba. Mke wangu amegonga na mimi sijamjibu. Dunia imejaa wasaliti.

Asubuhi Chandarua alizungumza. Nakiri alizungumza vizuri kwa mtu wa aina yake. Alionyesha matundu yake, kompyuta yake, grafu zake. Kisha mwenyewe, bila kuulizwa, akasema pioni zake bado ni nzito kuliko za kweli na kwamba itachukua muda kuzifikisha panapotakiwa. Akajitoboa mwenyewe! Nikasikitika kwamba swali langu limeshajibiwa.

Wakati wa maswali Mzee wa Mashine akasimama. Ukumbi kimya. Nikamwashiria akae, bado, bado, wewe ni wa mchana. Akanipungia mkono kama anayemsalimia fundi bomba. Akasema, kwa sauti ya kutikisa madirisha, kwamba maisha yake yote hajasikia kazi iliyokamilika namna hii. Akapiga makofi. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe, mstari wa mbele, gauni la bluu, akasimama kwa goti lile lile bovu, akapiga makofi juu ya kichwa.

Nikajiambia mzee kajisahau tu. Hata hapo sikuelewa! Ningeelewa, ningeugua ghafla. Najua kuugua ghafla.

Saa nane. Mkuu wa Idara kaingia, kakaa katikati, miwani mikubwa, subira ndogo. Keki zimepangwa nyuma. Nikaanza. Ngazi ya kwanza, ikapendeza. Ya pili, ikapendeza zaidi. Mstari wangu ukatokea ukutani umelala juu ya vipimo, na nilisikia mtu akivuta pumzi. Nikanyamaza kidogo ili wazidi kuvuta. Nikasema, kwa unyenyekevu, maswali.

Mzee wa Mashine akasimama.

"Kijana," akasema. "Umeacha nini nje?"

Asubuhi sifa. Mchana swali.

Nikasema swali zuri sana. Nikasema katika kila nadharia kuna mambo. Nikasema mambo mengine kwa asili yake ni ya nje. Mzee akasubiri nimalize kujikanyaga, kama nilivyomfundisha, kisha akasema, "Hebu kiingize tuone."

Mkuu wa Idara akaamka kabisa. Akasema na yeye amekuwa akijiuliza. Ngazi ya tatu iko wapi? Nikasema muda. Akasema muda upo. Halafu akaomba jambo dogo: nisogeze mpaka kidogo, palepale, kompyuta si iko mbele yangu. Nikasema kompyuta ni nzito leo. Akasema atasubiri.

Nikausogeza. Unywele mmoja! Mstari ukaruka kutoka kwenye vipimo, ukapanda ukuta, ukatoka nje ya picha, na kwa mwonekano wake ulikuwa unaelekea kwenye keki.

Kimya. Kimya cha kuzikia mtu. Na ndani ya kimya hicho sauti ya Mama mkwe, wazi, bila kipaza sauti:

"Amemwacha Delta!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mkuu wa Idara akavua miwani akajifuta macho. Mzee wa Mashine alipiga paja. Nimefundisha katika ukumbi huo miaka na miaka na haujawahi kunichekea hata mara moja nilipotaka.

Sijamaliza. Yangeishia hapo ningeweza kuishi. Chandarua akasimama! Akaomba ruhusa. Akawaambia watu kwamba wasicheke, kwamba msingi wa nadharia hii ni imara kuliko wa kwake, kwamba yeye na kompyuta yake wanahesabu kokoto wakati mimi nimeshaona umbo la mlima, na kilichokosekana ni mgeni mmoja tu. Akasema angejivunia kama kazi hiyo ingekuwa yake.

Akanitetea! Mbele ya watu wote! Sitamsamehe kamwe.

Keki sikula.

Alhamisi, 14 Mei

Jana sikwenda kazini. Leo pia. Mke wangu kaniacha kitandani asubuhi, akarudi kutoka mlangoni na koti lake jeupe mkononi, akaweka karatasi yenye namba za kaka yake juu ya mto. Akasema, "Zijaribu, mwenzangu. Kama ni mbovu, utakuwa na sababu ya kununa. Sasa hivi unanuna bure."

Hiyo ilinichoma, kwa kuwa kununa kwangu kuna msingi.

Lakini hoja yake ya kwanza niliipenda. Kama ni mbovu! Nikiziweka namba zake na zikaharibu kila kitu, nitapiga picha ya uharibifu huo niisambaze idara nzima. Nikavaa suruali. Nikakaa mezani. Nikamfungulia Delta mlango, kwa nia mbaya kabisa.

Ilinichukua asubuhi yote na sehemu ya mchana. Delta akaingia, akajipanga kwenye ngazi ya pili, akatulia. Nikaihesabu ngazi ya tatu.

Ikawa ndogo.

Nikaihesabu tena. Ndogo! Nyembamba kuliko ya pili, kama ilivyoahidiwa, kama ilivyoandikwa, kama nilivyowaambia wanafunzi wangu kila mwaka nikiwa na hofu moyoni kwamba nasema uongo. Mstari ukashuka wenyewe, bila kubembelezwa, ukapita kwenye vipimo vya Mzee kimoja baada ya kingine. Nikausogeza mpaka. Mstari haukutikisika. Nikausogeza sana, kwa ukatili. Ulitikisika kama pazia, ukarudi.

Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu, isipokuwa Mama mkwe, aliyekuja na fimbo yake kuangalia ni nani anayelia. Nikamwonyesha skrini. Nikamwambia, Mama, nimemweka Delta. Akautazama ule mstari muda mrefu, akasema umenyooka. Haujanyooka, ni wa kupinda, ndivyo unavyotakiwa. Lakini sikumsahihisha. Akaniletea chai.

Nikampigia shemeji. Nikamwambia ngazi ya tatu imeshuka. Nikamsikia anacheka, kicheko cha mtoto, na akawa anauliza imeshuka kiasi gani, na mpaka je, na ukiusogeza je, na mimi namjibu na yeye anauliza, mpaka chai ikapoa. Kwa muda huo wote sikumkumbuka hata kidogo kwa jina la Chandarua.

Ilikuwa saa nzuri. Sina cha kuilalamikia. Nimetafuta.

Jumatatu, 18 Mei

Nimedhulumiwa tena!

Mkuu wa Idara katuita sote wawili. Kasema jopo limeona kwamba mmoja ana namba na mwingine ana nadharia, na kila mmoja peke yake ni nusu mtu. Tutaongoza pamoja. Ofisi ya kona itawekwa meza mbili. Kila mmoja dirisha lake!

Dirisha la shemeji linatazama bustani. Langu linatazama jenereta. Aliponiona nimeliangalia jenereta kwa muda, akasema tubadilishane, yeye hana shida. Nikakataa palepale. Anataka nini na jenereta? Lazima kuna kitu pale. Nimelichunguza mchana wote.

Jumatatu, 25 Mei

Makala yetu imekwenda kwenye jarida. Nadharia yangu, namba zake, vipimo vya Mzee. Shemeji ndiye aliyeituma, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nachunguza jenereta.

Imekwenda, na sasa hivi kwenye korido ndipo limenijia: majina! Majarida mengi hupanga waandishi kwa alfabeti, na jina lake la ukoo linatangulia langu kwa mbali. Dunia nzima itasema kazi ya fulani "na mwenzake". Mimi ndiye mwenzake! Mimi niliyeibeba nadharia hii tangu haijaota meno! Na yeye katuma haraka haraka, kimya kimya, bila kunionyesha ukurasa wa kwanza. Upole wote ule, kumbe!

Sikugomba. Nimekomaa. Nimemwandikia mhariri wa jarida, kwa heshima, kwamba kuna kosa dogo la mpangilio, tafadhali majina mawili ya mwanzo yageuzwe, ni ombi letu sote, na hakuna haja ya kumsumbua mwenzangu kwa jambo dogo kama hili. Akajibu ndani ya saa moja kwamba imefanyika.

Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatano, 27 Mei

Rasimu ya makala imewekwa kwenye tovuti ya jarida, ikisubiri wakaguzi. Jina la shemeji la kwanza. Langu la pili.

Nilisoma mara nyingi. Nikapiga kelele mpaka mke wangu akatoka bafuni na mswaki mdomoni. Nikamwonyesha. Nikamwambia tazama kaka yako! Akasukutua, akasema haelewi, maana kaka yake alimwambia mwenyewe kwamba aliliweka jina langu mbele kabla ya kutuma. Alifurahi, anasema, alitaka kunishangaza. Akaniuliza nani basi aliyeligeuza.

Nikasema majarida siku hizi yamejaa wazembe.

Sasa, mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimeshamwandikia mhariri barua nyingine, kali zaidi, ageuze tena, na nimemsisitizia asimwambie mtu yeyote. Shemeji naye kapiga simu sasa hivi. Anasema ameliona kosa, nisiwe na wasiwasi, na yeye pia ameshaandika majina yageuzwe.

Sikumsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nabonyeza "tuma".